Mwana wa Mfalme wa Dirisha la Mbegu

Aibu hii ilianzia kwenye sinema. Gari la sinema lilikuja mtaani kwetu Malangali, tukaoneshwa mwana wa mfalme aliyeficha taji, akafagia sakafu za watu, ili apate msichana wa kumpenda yeye na si ufalme wake. Mimi, karani wa mbegu pale Sumbawanga, nikajiuliza: bila kalamu na dirisha langu, nani angenipenda?

Jumamosi nikavaa shati lililochanika, nikashuka kijiji cha Milepa. Mgeni hupita kwanza kwa balozi wa nyumba kumi, nami nikamwambia mzee yule kwamba sina kazi wala pa kukaa.

"Hapa hakuna wa kukaa bure," akasema, akanipa jembe, tukaenda wote shamba la ujamaa.

Binti yake, Yustina, alilima kando yangu. Alinidadisi mpaka nikadhani ni penzi: natoka wapi, mbona viganja vyangu laini, nani alinifundisha kulima vibaya hivi. Mwisho akaniomba nimsaidie mstari wake. Kwa uchovu, neno likanitoka lenyewe, kama nilivyozoea kuwajibu wakulima ofisini:

"Njoo kesho."

Yustina akaacha jembe. "Baba! Huyu ni yule karani wa mbegu, yule wa 'njoo kesho'!"

Mzee akanisogelea, akanichungulia usoni, akatikisa kichwa.

"Siwezi kujua. Siku tatu nilisimama dirishani kwake, hakuinua uso hata mara moja." Akanigeukia. "Hebu inama kidogo, mwanangu, nihakikishe. Mimi nakujua utosi tu."