Mfuko wa Mawe Uliokwenda kwa Wakwe

Saa moja asubuhi, baridi ya milima ya Karatau inang'ata masikio. Batima Ospanova, mwenye miaka hamsini na saba, yumo mtaroni akigonga mwamba kwa nyundo na patasi. Vipande vinaangukia turubai. Anavikusanya vyote hadi vumbi, anavifunga kwenye mfuko wa kitambaa na kutumbukiza kikaratasi chenye namba.

"Ukichagua mawe mazuri tu, umemdanganya mwenye hesabu," anasema. "Ukichagua mabaya, umejifukuza kazi."

Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye mchukua sampuli wa kikosi kinachotafuta fosfeti, madini ya mbolea, katika milima hii. Mshahara ni tenge laki mbili na elfu tisini kwa mwezi. Magoti yanauma bure.

Mifuko anaishona mwenyewe, na mingine huitilia kurti, yale madonge ya jibini kavu ya chumvi, ya kijivu na magumu kweli kweli.

"Kitambaa kizuri kikae bure?" anajitetea.

Vuli iliyopita maabara ya mji wa Taraz ilipiga simu. Mjiolojia wa kikosi, Daulet, kijana mwenye adabu nyingi na subira kidogo, alisikiliza, kisha akamwita.

"Mama Batima, sampuli ya arobaini na moja haina kikaratasi, na ina mafuta."

"Ya petroli?" Macho yakamng'aa.

"Ya maziwa. Wameisaga, mashine ikanata. Iliyobaki wameila na chai. Wanashukuru."

Batima akakaa chini. Ikiwa kurti imekwenda maabara, mawe yako wapi? Ndipo akakumbuka. Jumapili ya wiki iliyotangulia alitembelewa na Zhanyl, ambaye binti yake ameposwa na Nurzhan, mwanawe Batima. Mkwe haondoki mikono mitupu, kwa hiyo alipewa mfuko.

Mawe yale yalikuwa ya mita ya katikati ya tabaka la fosfeti. Mtaro ulikwisha kufukiwa na tingatinga, na theluji imeshuka juu yake. Bila mita hiyo Daulet asingejua unene wa tabaka, na upande mzima wa mlima, tani milioni mbili, ungefutwa kwenye makadirio. Hapo kikosi kingevunjwa.

Lakini kumdai mkwe zawadi!

"Nenda wewe," Batima akamwambia Daulet.

"Mimi? Nikaseme nini? Naomba jibini yenu nikaipime?"

Wakaenda wote wawili, Daulet na mizani yake kwapani. Zhanyl aliwapokea bila tabasamu, akamjazia Batima kikombe cha chai hadi ukingoni. Huko, kikombe kilichojaa maana yake ni kunywa uondoke.

"Mkwe, nimefuata ile kurti," Batima akasema, uso umemwiva.

"Kurti? Nimeing'ata moja, jino limetoka! Siku kumi na moja silali, najiuliza nimekukosea nini. Nikasema basi, binti yangu hawamtaki, ndiyo maana nimepewa mawe. Hata mume wangu sijamwambia. Angeivunja posa siku ileile, na watoto wanapendana."

Akautoa mfuko chini kabisa ya sanduku la nguo za bibi harusi. Batima alidhani atacheka, akajikuta analia. Walikumbatiana hadi chai ikapoa.

Daulet, ambaye hajui pa kuangalia wanawake wanapolia, alifungua mfuko. Kikaratasi kilikuwamo. Akapima.

"Zimepungua gramu sitini."

"Hiyo moja niliyoing'ata siirudishi," Zhanyl akasema. "Ni badala ya jino langu."

Daulet alibembeleza, akashindwa, akaandika daftarini: "Kipande kimoja kimebaki kwa mkwe." Mawe mengine yalipelekwa Taraz, yakatoa asilimia ishirini na nne ya fosfeti. Upande ule wa mlima umebaki kwenye makadirio, na Batima bado yuko kazini.

Harusi ni mwezi wa sita. Ukimuuliza ana mpango gani, hazungumzii kustaafu wala magoti.

"Namwekea Zhanyl pesa ya jino la dhahabu," anasema, akiinua nyundo tena. "Siku ya harusi nataka acheke mdomo wazi, asiufunike kwa mkono."