Aya Aliyoiruka Baba

Nikikata tawi bichi la mpera, harufu yake hunirudisha kwenye madrasa yetu ya mabati, Karatu, vumbi jekundu likitujaa miguuni. Baba alisilimu ukubwani, akawa anasoma pamoja nasi watoto. Kanuni ilikuwa moja: anayemsahihisha mwenzake ndiye anayemchapa. Siku moja Baba aliruka aya. Niliijua, nikanyamaza.

Ustadhi aliniona. “Umesikia kosa?”

“Ndiyo, ustadhi.”

“Qurani imefika hapa kwa vinywa vya watu. Ukinyamaza, wajukuu wako watasoma pungufu.”

Akanichapa mgongoni hadi shati likanata kwa damu. Nyuma yangu mtu alicheka, “Mtoto wa baba huyo.” Fimbo ile ya mpera ilipoinuliwa tena, Baba aliishika.

“Nisahihishe, mwanangu.”

Nikaisoma ile aya kwa sauti ndogo. Baba akanipa fimbo, akafungua kiganja chake chenye sugu za jembe. Nikampiga.

“Hiyo ni ya kufukuza nzi,” ustadhi alisema.

Nikampiga kwa nguvu zangu zote, ngozi ikachanika karibu na kidole gumba.

Baba akafumba mkono, akaanza sura upya. Alipofika kwenye ile aya alinitazama, akaisoma.