Unga wa mawe alioutumia mama

Leo watu wa mradi wamekuja Mkata kukagua unga wa mawe shambani kwetu, na shambani haupo hata kiganja.

Ni ule wa kumwaga kwenye mahindi. Wanasema unavuta hewa ya ukaa na kuifungia ardhini. Tulipewa viroba kumi, bure.

Mimi naishi Korogwe, leo nimekuja kwa ajili ya ukaguzi. Kabla hawajaja niliwaambia kwa simu kwamba mama ameshamwaga. Sikuwa nimemuuliza.

Dada wa mradi akachota udongo huku, akachota kule, akasimama.

"Mama, ule unga uko wapi?"

"Njoo mwanangu."

Tukamfuata hadi pembeni, kwenye kaburi la baba.

Limesakafiwa. Laini kabisa.

Mama akasema, "Lilikuwa linatitia kila mvua ikinyesha. Simenti nilikuwa nayo, mchanga ndio sikuwa nao."

(Tangu tumzike nilisema nitalijengea mimi.)

Sijui nicheke au nini, niambieni nyie.

Dada akafungua fomu, akaniuliza taratibu, "Eneo lililomwagwa unga, niandike ukubwa gani?"

Nikamwambia andika futi sita kwa tatu.

Akaandika.