Siku Shangazi Alipotoa Mji

Katika ukoo wetu kitendawili kinaweza kukugharimu kuku.

Desturi kila mtu anaijua: ukishindwa kujibu unaombwa mji, unautoa, mtegaji anajitapa kwamba amefika huko akala akashiba, ndipo anataja jibu. Sisi tumeipeleka mbele kidogo. Mji unaoutoa lazima uwe na ndugu yetu, na ndugu huyo lazima ampikie mtegaji kweli, na mwamuzi naye hula hapo. Ukitoa Isongole, dada yangu aliyeolewa kule anachinja. Ukitoa Mlowo, kaka yangu anafunga duka mapema na kununa. Watu wamewahi kukaa msimu mzima bila kusalimiana vizuri kwa sababu ya mji uliotolewa ovyo.

Mwamuzi alikuwa shangazi yangu, mwenye shamba la kahawa karibu na Mbozi Mission. Yeye hategi wala hajibu. Anasikiliza, kisha anauliza mambo yake matatu. Kila neno ni la kweli? Jibu ni moja tu? Aliyeshindwa amecheka? Kwake hilo la tatu ndilo zito. Aliyeshindwa kwa haki hucheka, anasema, na aliyeonewa hubisha.

Mimi nauza vitenge Tunduma, na wateja wakiadimika najaza chemshabongo za magazetini. Kwa hiyo nilijiona mjuzi wa mafumbo. Lakini miaka ilipita shangazi hajakubali hata kitendawili changu kimoja, na nilikitaka kibali chake kuliko kuku wa mji wowote.

Cha kwanza kilikuwa cha kahawa. Nilisema nimevaa kijani, nikavaa nyekundu, nikavuliwa, nikaanikwa juani, nikakaangwa hadi nikawa mweusi. Shangazi akasema mtu wa Mbozi amejibu tangu kwenye nyekundu, kwa hiyo maneno yaliyobaki nilikuwa najifurahisha mwenyewe. Mwaka uliofuata nikafupisha: amesimama kutwa, na bado yuko safarini. Kwangu mimi ni lori kwenye foleni ya mpakani, nalitazama kila siku. Shemeji yangu wa Nakonde akajibu dereva. Mwingine akajibu mzigo. Shangazi akasema wote wamepata, kwa hiyo hakuna aliyepata, na kitendawili kimekataliwa. Nilirudi Tunduma nimevimba. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa na haki.

Nikajifunza kutega upya. Nikaacha kuanza na maneno matamu, nikaanza na jibu, nikalizunguka, nikiuliza ni nini kingine kinachoweza kupita katika maneno yaleyale. Kila nilipopata cha pili, nilitupa kitendawili.

Msimu wa kahawa ulipoisha tukakusanyika uani kwa shangazi. Zamu yangu ilipofika nikasema safari hii namtegea mwamuzi. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Wajomba wakatazamana, lakini hakuna aliyekumbuka sheria inayokataza. Shangazi akajiweka sawa kitini na kusema nitege.

"Amekula Isongole, amekula Mlowo, amekula Tunduma," nikasema. "Hajawahi kushinda wala kushindwa."

Akafikiri. Akasema jembe, akajikataa mwenyewe. Akasema njia kuu, akajikataa tena. Dada yangu wa Isongole, ambaye ndiye aliyekuwa akichinja, alishafunika uso kwa upande wa kitenge. Kicheko kikaanza nyuma na kuzunguka ua mzima, na shangazi peke yake akawa anatafuta mbali. Ipo methali ya nyani inayofaa kabisa hapa, ila yule ni shangazi yangu.

Nikamwomba mji. Akasema, "Chukua hapa hapa."

Nikajitapa kwamba nimefika hapa, nimekula ndizi kwa kuku, nimeshiba. Nikataja jibu: mwamuzi.

Shangazi akauliza mambo yake kwa sauti kama kawaida. Kila neno kweli? Akajijibu ndiyo. Jibu moja? Moja. Akafika kwenye la tatu akagundua kwamba aliyeshindwa ni yeye, na wote tunamtazama mdomo. Niliogopa kweli. Nikadhani nimemvunjia heshima mbele ya ukoo kwa ajili ya mchezo.

Kicheko kilimtoka puani kwanza. Kisha akacheka hadi ikabidi ashikwe bega asianguke.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kula mji wangu. Alinipikia mwenyewe, ndizi na kuku kama nilivyojitapa. Tukaongea habari za mvua, za bei ya vitenge, za kwaya. Kuhusu kitendawili hakusema lolote. Akanijazia sahani, akaketi mbele yangu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akitega.

"Sahani yake imejaa," akasema, "na bado ana njaa."

Nikajibu mchoyo. Nikajibu mgonjwa. Nikajibu mwenye jino bovu. Akatikisa kichwa kila mara, bila haraka. Mwishowe akaniomba mji, nikampa Tunduma, nyumbani kwangu, maana sikuona wa kumtwisha.

"Ni wewe," akasema. "Tangu umeingia unangoja nikisifie kitendawili chako."

Hasira ilinipanda. Kila neno lilikuwa kweli, na jibu lilikuwa moja.

"Kilikuwa kizuri, mwanangu," akasema. "Sasa kula."

Nikacheka, naye akaniangalia usoni hadi aliporidhika kwamba nimecheka kweli.