Karani Mmoja wa Kike, Masjala

Meneja aliyepata alama tisini na saba kwenye mafunzo ya uongozi wa kidijitali aliniuliza kompyuta inawashiwa wapi.

Sitanii. Nilikuwa nimekaa mbele yake kabisa.

Kazi yangu ni tathmini. Nilitumwa kupima kama mafunzo yale yamewasaidia mameneja wa serikali. Huyu bosi ndiye aliyeshika namba moja, na cheti kilikuwa ukutani.

"Hebu nionyeshe mfumo mpya wa maombi," nikamwambia.

Akakohoa. "Ngoja nimuite Mama Faili."

Akaja mama wa makamo, karani wa masjala. Vidole vikaanza kazi kwenye kibodi kama anapukuchua mahindi. Dakika mbili tu, maombi yote yako kwenye skrini.

Nikamfuata masjala, nikambana kwa maswali. Akacheka.

"Mwanangu, mafunzo nimefanya mimi. Wiki sita. Bosi alinipa neno lake la siri, akasema nimmalizie. Mtihani wangu, cheti chake."

Aisee! Nilichoka.

Kisha akanishika mkono. "Ila usinitaje. Nalea wajukuu wawili, na kazi hii ndiyo inayotulisha."

"Mama, jina lako sitalitaja. Naapa."

Na kweli sikulitaja. Nilishusha ripoti ya moto: "Karani mmoja wa kike, masjala, mwenye miaka ishirini na mbili kazini, alifanya mafunzo kwa niaba ya meneja." Nikajiona bingwa. Nilitaka wakubwa waumbuke.

Mjinga mimi! Masjala ile ilikuwa na makarani watatu, na wawili ni wanaume.

Mwezi uliofuata nikarudi kwa kikao. Kwenye kiti cha Mama Faili alikaa mtu mwingine.

"Kafukuzwa," karani mwenzake akasema bila kuniangalia. "Eti katumia neno la siri la mkubwa. Barua imenukuu ripoti yako, mstari kwa mstari."

"Na bosi?"

"Bosi kapanda cheo. Sasa ndiye msimamizi wa hayo mafunzo, kanda nzima."

Nikatoa simu.

Nilimpigia Mama Faili mara saba. Ya nane akapokea.

"Mama, nisamehe, mimi..."

"Usinipigie tena," akasema. Akakata.

Nililia palepale ofisini kwao, mtu mzima mimi.

Nyie mnaoandika ripoti, msijidanganye. Kufuta jina la mtu si kumficha. Kabla hujatuma, msomee aliyekuamini ulichoandika juu yake. Ingenichukua dakika moja. Sikumsomea.