Ndizi za Mama Yuditha Zafika Rombo

Saa mbili asubuhi haijatimia, na tayari juu ya meza kubwa ya maktaba kuna mkungu wa ndizi. Si picha, ni mkungu wenyewe, utomvu unadondokea gazeti la jana. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaingia wakinong'onezana: makubwa, maktaba leo imegeuka soko la Mbuyuni?

"Huu nimeukata kwenye kihamba cha jirani," anaanza Salvina Mtenga, mkutubi wa chuo hiki cha mjini Moshi. "Nikiwaambia ni wangu, mimi ni nani?"

"Mwizi!" wanaitikia kwa pamoja, na kwa raha.

"Nikisema nimepewa, tena nikamtaja aliyenipa?"

"Jirani mwema, madamu."

"Basi na kwenye insha zenu ni hivyo hivyo. Wazo la mtu, mtaje mwenyewe."

Somo hilo limetembea kuliko yeye aliyelitunga. Wakutubi wa vyuo vya mjini na vya milimani wana hifadhi yao ya pamoja mtandaoni, nao wameibatiza jina la Kihamba, kama Mchagga aitavyo shamba la ukoo. Kila mmoja huweka humo masomo aliyoandaa, mwenzake akachukua, akayarekebisha yawafae wanafunzi wake. Wengi wao wako peke yao chuoni, bila msaidizi. Watatunga kila kitu saa ngapi?

"Hata mgomba hukuanza nao mwenyewe," anasema Salvina. "Mtu alikupa chipukizi."

Lakini mwaka jana nusura Kihamba kife, na aliyetaka kukiua ni yeye.

Ilikuwa kwenye mkutano wa wakutubi. Kijana mmoja kutoka chuo kidogo cha Mkuu, Rombo, Filemon Shirima, alisimama kuonyesha anavyofundisha. Ikatokea picha ukutani: mikono ya mwanamke mzee imeshika mundu, inakata mkungu. Chini yake, jina la Filemon.

"Mikono ile ni ya mama yangu," anasema Salvina. "Nilimpiga picha hiyo nyumbani Kilema, mwaka mmoja kabla hatujamzika. Naiona ukutani ina jina la mtu nisiyemjua! Tena kwenye somo la kutaja wenyewe! Jamani."

Alirudi ofisini na kuondoa kila alichokuwa ameweka Kihambani. Wiki hiyo Loveness, mkutubi wa chuo kimoja cha Marangu, alimpigia simu akibembeleza: "Dada Salvina, wanafunzi wapya wanafika Jumatatu, sina pa kuanzia." Salvina akamjibu kwamba na yeye hana.

Anakiri kwamba hakulala vizuri siku zile. Mtu mkarimu akifunga mlango, wa kwanza kusikia baridi ni yeye mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata alikuwa uani kwake Kilema akimenya ndizi, akasikia hodi. Alikuwa Filemon. Mkononi hakuwa na zawadi wala barua. Alishika jani la isale, ule mmea wa mipakani, amelifunga fundo kama walivyofanya wazee wakienda kuomba radhi.

"Shikamoo mama," alisema, akalitoa kwa mikono miwili. "Nimekosa. Mtandao wa kwetu unasuasua, nikakata ukurasa wa kwanza faili liwe jepesi. Jina lako lilikuwa hapo. Baadaye nikaweka langu, nikasahau kabisa kwamba lako lilikuwapo, hadi nilipoona umeondoa kila kitu Kihambani. Nafundisha watoto kutaja, mimi sikutaja."

Isale hairudishwi; ukiletewa, unasamehe. Salvina anacheka akikumbuka: "Nilikuwa nimepanga maneno makali, nikayaacha. Nikalia, na yeye akalia. Majirani wakadhani kuna msiba!"

Alimpikia mtori, ile supu ya ndizi na nyama. Filemon, akiwa na bakuli mkononi, akaeleza kwamba wanafunzi wake walikuwa wanabadilisha maneno mawili matatu ya mwandishi, kisha wanadai wazo ni lao. Ndipo akaongeza kipande kwenye somo: anawaonyesha mtori, anauliza ndizi ziko wapi. Zimepondwapondwa, hazionekani. Je, zimeacha kuwa za jirani?

"Miaka yote nilikuwa nahangaika na jambo hilo!" anasema Salvina. "Natoa mifano, wananiangalia tu. Mtoto wa Rombo kalimaliza kwa bakuli la mtori."

Palepale walifungua kompyuta kulirudisha somo Kihambani. Jina la Salvina, aliyeanzisha. Jina la Filemon, aliyeongeza mtori. Walipofika kwenye ile picha, Filemon akauliza kwa upole: "Mama, hii mikono, jina lake nani? Niandike."

Miaka yote ile Salvina alikuwa ameandika chini ya picha: "Mkulima, Kilema."

"Mimi, mwalimu wa kutaja," anasema taratibu, akifuta macho kwa upande wa kanga aliyojitanda. "Sikumtaja mama yangu."

Leo hii maktabani mtori umeshafika, umo ndani ya chupa ya chai, na vicheko vimeanza upya. Masomo mengine yote ameyarudisha. Matumaini yake ni kwamba kabla hajastaafu, kila chuo cha mlimani, hata kile chenye rafu mbili tu, kitakuwa kinachuma Kihambani na kupanda humo chake.

"Chukua, badilisha, ila useme umetoa wapi," anasema. "Sina sharti lingine."

Anawasha projekta, na ile mikono inatokea ukutani na mundu wake. Leo Loveness naye anaitumia kufundishia Marangu, na Filemon yuko nayo Mkuu, ambako mwenye mikono hiyo hakuwahi kufika.

"Someni hapo chini," Salvina anawaambia wanafunzi. "Kwa sauti, nisikie."

Nao wanasoma wote: "Mikono ya Yuditha Mtenga, wa Kilema."