Zulia la Sadiyo na Mgongo wa Raho

Raho aliposikia kwamba watu wa utafiti wa maumivu ya mgongo watafika kwake, alifanya kama wafanyavyo wanawake wote wa mtaa wake pale Garissa: alizunguka kwa majirani akaazima. Zulia jekundu la Sadiyo, feni ya mama Aweys, na vikombe vyake vyenye ukingo wa dhahabu. Mgeni hakalishwi kwenye mkeka uliotoboka, hata kama mwenyeji amepinda mgongo kwa kubeba madumu ya maziwa sokoni.

Arbia, msichana wa utafiti, akaketi, simu mkononi, chai pembeni.

"Eedo Raho," akaanza, akimwita shangazi kwa Kisomali, "feni mnayo?"

"Si hiyo inakupepea?"

"Zulia?"

"Umelikalia, mwanangu."

"Mifugo?"

"Ngamia, mashallah! Mume wangu Duale ana kundi zima."

Arbia akabonyeza simu, akatabasamu. "Hongera, eedo. Umeingia kundi la wenye nacho. Ila kukandwa mgongo bure zahanatini ni kwa wasio nacho tu."

Kukandwa huko ndiko Raho alikokuwa akikungojea. Siku hizi hata kuinama kurukuu kwenye sala kulikuwa vita. Akaugeukia ukuta wa upande wa jirani, akapaza sauti.

"Sadiyo! Njoo uchukue zulia lako!"

"Mgeni ameshaondoka?"

"Amelikalia. Vuta tu!"

Sadiyo akaingia, akavuta. Arbia akaruka kando na chai yake. Mama Aweys naye akaja, akachomoa feni, kisha akasimama mbele ya Arbia akingoja kikombe. Arbia akaimaliza chai ikiwa bado moto.

"Na ngamia, eedo?" akauliza, machozi yakimlenga.

"Wako Buna na Duale, kwa mke mdogo. Mimi niliwatekea maji visimani mpaka kiuno kikakatika. Tangu aniache sijaona tone la maziwa yao. Nenda kamhesabie yeye!"

Arbia akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yakitikisika. "Sasa kilicho chako ni kipi?"

Raho akatazama huku na huku. "Yule paka. Ah, hapana. Naye ni wa Sadiyo."

Arbia akafuta majibu yote, akaanza upya.

Jumatatu Raho alilala kifudifudi zahanatini, mama mmoja mwenye mikono ya nguvu akimkanda kiuno. Akafumba macho, akamwombea Duale kwa moyo wake wote: apatwe na maumivu yale yale, na siku atakapoulizwa na watu wa utafiti, ngamia wake wahesabiwe wote, hata waliozaliwa jana.